Alama ya Mfuniko

Nilipoambiwa nimepangiwa jikoni, nilicheka. Nilidhani afande ananitania. Alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani ili nzi wasiingie, na mimi nimesimama wima mbele yake, tope la mikoko limenikaukia masikioni. Asubuhi ile ile nilikuwa bado kwenye kozi ya makomando. Nikaiacha. Sikufukuzwa, sikuumia, sikuzirai. Ilikuwa siku ya kumi na tisa, niko ndani ya tope mpaka kiunoni, gogo begani mimi na wenzangu watano, mdomo wangu ukasema, "Afande, mimi basi." Hata mimi nilishtuka kuusikia. Nikangoja moyo uukanushe, moyo nao ukauunga mkono.

Askari nilikuwa tayari, hilo lieleweke. Mafunzo ya kuruti niliyamaliza zamani na kiapo nilikula. Kozi ile mtu huiomba mwenyewe, na akiiacha hafukuzwi jeshini, hupangiwa kazi nyingine. Mimi nilishajipangia kichwani: ghala la silaha, au redio, au hata langoni nisimame na bunduki yangu niwakague watu vitambulisho. Afande akapekua faili, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Malindi. Akataka kujua Malindi ipi, ile ya mji wa kale? Nikasema ndiyo. Uso ukamng'aa. Akasema kambi nzima inalia kwa wali mbovu, na leo Mungu amewaletea Mswahili.

"Jikoni," akasema. "Kesho alfajiri."

Ndipo nikacheka, na yeye hakucheka. Nilitoka ofisini nikasimama kwenye jua na buti zangu zilizolowa. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni njiani, anajishika shavu huku akijiuliza yule ni nani.

Sasa utaniuliza, jiko lina ubaya gani? Ubaya ni huu: jikoni ndiko nilikotoroka. Babangu ni mpishi wa shughuli. Malindi yote, Mambrui mpaka Watamu, ukisikia harusi au hitima ya kulisha mtaa mzima, ujue babangu yuko uani nyuma ya nyumba, shati limemganda mgongoni, sufuria zimepangwa juu ya mafiga. Mamangu alifariki mimi sijajua hata kufunga viatu. Hakukuwa na wa kuachiwa, basi baba akawa anakwenda nami. Nililala juu ya magunia ya mchele na nikajifunza kuhesabu kwa viazi. Watu wakishakula wakishiba, baba alikuwa akiniita, anakwangua ukoko wa pilau chini ya sufuria, ule wa rangi ya kahawia unaolia mdomoni, ananiwekea kwenye sahani yangu ya bati. Bwana harusi mwenyewe aliwahi kuuomba akanyimwa. Baba alimwambia, una mwenyewe.

Hayo ni ya utotoni. Nilipofika darasa la sita, wasichana wenzangu walianza kuziba pua nikipita. Waliniuliza leo nimeungwa kwa bizari gani. Nilioga mara mbili, nikajifukiza udi, nikafua sare yangu kila siku, na moshi wa kuni haukubanduka kichwani. Siku moja nikamkuta baba langoni mwa shule amenijia na baiskeli yake, masizi mpaka kwenye nyusi, nikapita kando kama simjui. Sijui kama aliniona. Siku hiyo nikaapa: mimi na sufuria, talaka tatu.

Kwa hivyo nilipochukuliwa jeshini, wallahi niliona nimeokoka. Na baba naye alifurahi kunishinda. Picha yangu ya gwanda aliiweka kwenye simu yake, akawa anaionyesha kila harusi kabla hajaonyesha mkono wake wa kupika. Nilipoingia kozi ile ndiyo kabisa. Binti yangu komando, binti yangu komando, mpaka wauza samaki wakawa wanamwita Baba Komando.

Sasa nimwambie nini?

Jikoni kambini niliwekwa chini ya sajini mmoja, mwanamke wa bara, mtu mzima, mpole wa sura lakini ulimi wembe. Niliamua moyoni kwamba nitamenya viazi na kuosha masufuria, lakini kupika sipiki. Nilidumu siku nne. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, na ubao wa chakula umeandikwa pilau. Nikamwona mpishi mmoja anatia mchele, nyama na maji baridi vyote kwa pamoja, halafu anachukua manjano, manjano jamani, anamwaga kijiko baada ya kijiko. Nikamwuliza ni nini hiyo. Akanijibu pilau. Hasira zikanipanda mpaka kwenye utosi. Nilimnyang'anya mwiko. Nikamwambia hata kuku wa kwetu wakimwagiwa hiyo watahama mtaa. Sajini akasikia makelele, akaja, akaniambia basi nionyeshe.

Nikaonyesha. Kilichonishtua si kwamba pilau ilikuwa nzuri. Kilichonishtua ni mikono. Ilikuwa inajua. Nilikaanga vitunguu mpaka vikafika ile rangi, na sikumbuki kuifikiria. Nilitia thomu na tangawizi, nikasaga bizari, nikapima maji kwa kidole. Nikamwomba sajini makaa, nikatoa sufuria nje nyuma ya ghala, nikapalia mfuniko kwa makaa juu kama alivyofanya baba maisha yangu yote. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani, baba hupenda kusema, na mimi hiyo methali nilikuwa naichukia tangu udogoni.

Tangu hapo Ijumaa ikawa yangu. Na Ijumaa ya pili au ya tatu nikajiunguza. Mfuniko wenye makaa ni mzito, huwezi kuunyanyua juu. Unauinamisha kwa mkono wa kushoto, na mvuke unatokea upande huo huo. Mpishi yeyote wa sufuria kubwa ana alama yake ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, imepinda kama ukucha. Ya baba inang'aa kwa uzee. Yangu ilitoka malengelenge, ikachubuka, ikapona na kubaki. Sajini aliniambia sasa nimekuwa mpishi. Nikashusha mkono wa shati, nikaifunika.

Baba alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Anataka kujua wiki hii tumefanya nini. Dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa mazoezi, na wale niliowaacha kwenye kozi walikuwa wakipita hapo, gogo begani, tope mpaka puani. Basi mimi na simu sikioni nilikuwa namsimulia ninachokiona. Leo tumebeba gogo, baba. Leo tumetambaa. Leo mmoja wetu amezirai tukambeba. Anasema mashaallah, anasema Mungu akupe nguvu mwanangu. Na mimi mkono wa pili nimeshika mwiko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikwenda miezi saba, na kila Ijumaa niliposema nitamwambia, nilisema Ijumaa ijayo.

Nikapata likizo. Nilifika Malindi Alhamisi, na baba akanipokea stendi mwenyewe na tuktuk ya kukodi, jambo asilolifanya hata kwa wakubwa wake. Nikambusu mkono, nikamwambia shikamoo baba, akasema marahaba mama, huku anawatazama watu kama wanamwona. Kesho yake kulikuwa na harusi mtaa wa pili na yeye ndiye mpishi. Akaniomba niende nikae tu, watu wanione. Nilivaa buibui, mikono mirefu mpaka kwenye vidole.

Uani waliniwekea kiti cha plastiki kivulini. Kila nilipoinuka kushika kisu au kusogeza kuni, baba alinirudisha. Huyu ni mgeni wetu, aliwaambia waliokuwa wakimsaidia, huyu mikono yake si ya moshi, hii ni mikono ya bunduki. Watu wakacheka kwa upendo, wakaniletea soda. Niliwaza nitamwambia jioni, wageni wakitawanyika. Safari hii kweli.

Baada ya sala ya Ijumaa wakaanza kuita chakula. Baba akaenda kwenye sufuria kubwa kuliko zote kufunua. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona akifanya kazi, na nilikuwa sijui kwamba goti lake limeharibika hivyo. Alipoinama kuushika mfuniko, goti likamsaliti. Mfuniko ukalala upande wake, makaa yakaanza kuteleza kuelekea kwenye pilau na kwenye miguu yake.

Sikufikiri. Nilipandisha mikono ya buibui mpaka juu ya viwiko, nikanyakua matambara mawili, nikaudaka mfuniko, nikauinamisha upande wangu, nikarudi nyuma hatua mbili na kuuweka chini bila kaa moja kuanguka ndani. Uani wote ukapiga makofi. Mzee mmoja akasema mnaona, huo ndio ukomando.

Baba hakupiga makofi. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Hiyo ya lini?" aliniuliza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

Nikamwambia ni ya mazoezi.

"Hiyo si ya mazoezi, mama. Hiyo ni ya mfuniko."

Basi nikamwambia yote, pale pale, mvuke umetuzunguka na watu wanangoja sinia. Nikamwambia nimeacha kozi miezi saba iliyopita, nimeacha mwenyewe, nimepangiwa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, kwa sababu hasira zangu nimezirithi kwake. Hakukasirika. Alisema mwili una mwisho wake, hata yeye goti lake limemwambia basi. Kuacha si dhambi. Akaniuliza tu kwa nini sikumwambia. Nikasema niliona aibu.

Akafuta mikono kwenye kikoi chake, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Aibu ya kuacha, au aibu ya jiko?"

Ningeweza kusema ya kuacha. Nilikuwa nimemdanganya miezi saba, uongo mmoja zaidi ungekuwa nini? Lakini ulimi ulikwama, na kadiri nilivyokawia ndivyo alivyokuwa akijibiwa. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua siku ile langoni mwa shule aliniona.

"Kumbe miaka yote hiyo," akasema, "nilikuwa nakulisha aibu."

Nilitaka kumwambia kuhusu Ijumaa zangu, kuhusu ile pilau ya kwanza, jinsi mikono yangu ilivyomkumbuka yeye kabla sijamkumbuka mimi. Nilitaka kumwambia kwamba kambi nzima inakula mapishi yake. Lakini alikuwa ameshageuka, anapakua, anaita sinia ya wazee, sinia ya kina mama, sauti yake ile ile ya kazi. Nilisimama pale mpaka sinia ya mwisho ikatoka. Buibui langu lilikuwa limejaa moshi na sikujali.

Watu walipokwisha kula, uani ukabaki mimi na yeye na sufuria. Nilichukua sahani kwenye beseni, nikaikung'uta maji, nikamwendea kama nilivyomwendea nikiwa na miaka mitano. Chini ya sufuria ukoko ulikuwa umeshika vizuri, wa kahawia, duara zima. Baba aliuangalia. Akainua ndoo ya maji, akaimimina yote juu yake, akauacha uloweke.

"Nenda kakae na wageni, mama," akaniambia, kwa upole kabisa. "Hapa utanuka moshi."