Mama Aliyeuza Mafuta Kakuma

Mwanangu, nakumbuka nilivyoamini kwa moyo wote kwamba wakimbizi wa Kakuma huosha miguu kwa mafuta ya kupikia. Usicheke. Miaka ile ya tisini Lodwar nzima ilisema hivyo: mafuta ya msaada yamewazidi kambini hadi punda wao wanateleza. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti changu kimetundikwa ukutani kule Kanamkemer juu ya picha ya arusi ya wazazi, niliamini hata habari ya punda.

Kanisa letu likatutuma Kakuma pamoja na wageni wa ng'ambo, tupeleke unga. Lori lilitutikisa mpaka nikasahau jina langu la ubatizo. Tulipofika, tukaingizwa nyumba ya misheni. Jenereta ilinguruma, friji imejaa soda. Nikapewa moja, baridi ya kuumiza meno. Nje ya seng'enge watu walikuwa wamekaa juani wakitutazama. Nakuambia, soda ile ilinichosha kuliko safari.

Jioni, kwenye lango la kambi, nilibaki na mfuko mmoja wa unga. Akaja mama wa Kisudani, Achol, na watoto wake wawili, midomo imewakauka.

"Ndugu yangu, nipe kidogo tu. Hawa hawajakula tangu jana."

Lakini asubuhi nilikuwa nimemwona kando ya barabara akiuza mafuta, yale yale ya msaada. Nikamwambia, "Mama, wewe una mafuta ya kuuza. Bakiza basi ya kuoshea miguu."

Hata nguvu za kunikasirikia hakuwa nazo. Akawashika watoto mkono, wakarudi ndani.

Mfuko nikampa Nakiru, mama wa Kiturkana aliyeuza kuni pale langoni. Huyo alikuwa wa kwetu, na mali yake yote ni shanga shingoni na mzigo kichwani.

"Ejok, asante, kijana yangu," akasema. Akakumbatia unga, akabeba na kuni alizobakiza, akashika njia aliyopita Achol.

"Mama! Huyo ni tajiri!" nikapaza sauti, nikamfuata mbio.

Nikawakuta wameinamia mafiga, mmoja akipuliza moto, mwingine akimimina unga. Watoto hawakuniona. Walikuwa wanaitazama sufuria.

Sasa nimezeeka, magoti yananidai, na nimechoka kuona soda upande huu wa waya na kiu upande ule. Dawa yake siijui, mwanangu, nisikudanganye. Nijualo ni dogo: usimwite mtu tajiri kwa sababu ya kile anachouza. Muulize amekosa nini. Ukiwa na cha kugawa, fika kwanza jikoni kwake, ndipo ufungue mdomo. Mungu akupe moto usiozimika, na jirani wa kuupuliza pamoja nawe.

Maana nilipomuuliza Nakiru kwa nini ampe unga mwenye mafuta, hakuinua hata kichwa.

"Hawa napewa chakula, kuni hapana. Kukata miti wamekatazwa. Sasa yeye nauza mafuta ndio anunue kuni yangu. Leo mafuta imeisha, unga imeisha, mgao bado."

"Na miguu?" nikauliza, mjinga mimi.

"Anaosha na maji, kijana, kama wewe. Kama iko."