Mbao ya Mbele ya Bunduki ya Baba

Juzi hapo Mikumi, kwa mafundi wa vitanda wanaopanga kazi zao kando ya barabara, nilikuwa nimeshambana fundi mmoja kwa bei, bado kidogo tu akubali, ndipo kijana wake akaanza kupaka mafuta ya nyonyo kwenye mbao ya mninga. Harufu ikanipanda kichwani, nikanyamaza. Fundi akadhani nimesusa, akashusha bei mwenyewe. Kitanda nilikichukua, lakini nilirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo, msomaji wangu, haikuwa ya kitanda.

Nimezaliwa Ulaya. Usicheke: ile ya Kilosa, inayofikika kwa baiskeli. Baba alilima mahindi, na alikuwa na bunduki ya kizamani yenye kibali, ile yenye wenzo chini ya kifyatulio. Ukiushusha na kuupandisha, risasi inaingia chemba. Nguruwe pori waliijua sauti yake kuliko sisi tulivyoijua kengele ya shule. Mbao yake ya mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika, ilipoliwa na wadudu, baba alichonga nyingine ya mninga, akaipaka nyonyo mpaka ikang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Kila alipoisafisha, mimi ndiye niliyeshika skrubu kiganjani, nikizihesabu mara mbili. Naye alikuwa na wimbo wake: "Mbao kwanza, bomba baadaye, pete mwisho. Ukianza na pete umeoa kabla ya kuposa."

Alifariki nikiwa darasa la tano. Kwetu, kwa mila za wazee, mali ya mwanamume haikuenda kwa watoto wake. Ilifuata upande wa mama yake, ikaenda kwa mpwa. Mpwa mwenyewe, kaka Salumu, mtoto wa shangazi, alikuja msibani kwa baiskeli kutoka Mikumi. Hata pole hajamaliza kutoa, macho yake yako ukutani ilipotundikwa bunduki.

Siku ya pili ya matanga mtani wetu, Mzee Masanja, akaanza vituko. Alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akakohoa kikohozi chake hasa. Wanawake wakacheka huku machozi yanawatiririka. Kisha akaitungua bunduki. Akafungua pete ya chuma iliyoibana mbao kwenye mtutu, akachomoa bomba la risasi lililolala chini ya mtutu, akaivua ile mbao na kuipakata kama mtoto mchanga.

"Bunduki nayo imefiwa, ivue nguo!" akatangaza. "Anayeitaka mbao hii alete ng'ombe!"

Kitu alichokamata mtani msibani hakinyang'anywi. Kinakombolewa, na mkombozi ni mfiwa. Kaka Salumu aliponyoosha mkono watu walimzomea, akarudi kuketi akijifanya anatafuta kiatu.

Mimi sikucheka hata kidogo. Mbao ile ilikuwa imebonyea kidogo pale kiganja cha baba kilipokaa, na sasa kikongwe kimoja kilikuwa kinaibembeleza mbele ya watu. Nikamfuata mkekani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu."

"Nipe mbao ya baba."

"Ng'ombe."

"Sina. Nina kuku."

"Kuku wako yule? Ana mdondo, anatembea kama katoka kilabuni!"

"Anataga. Nakupa na mayai aliyoyalalia."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Masanja akainama, sauti ikashuka. "Mjukuu, biashara hii tusiifunge leo. Njoo keshokutwa, nakupa bure."

Bure! Hata kwa umri ule nilishajua kwamba muuzaji akikwambia njoo keshokutwa, ana mteja mwingine. Nikapaza sauti: "Jamani, mtani anakataa kuku wa yatima!"

Hapo nilimbana. Mtani akikataa fidia ya mfiwa hadharani, si mtani tena, ni mwizi. "Mpe! Mtoto kamaliza!" wakapiga kelele. Akanipa. Hakucheka.

Kaka Salumu aliipokea mikononi mwangu kabla sijageuka. Akarudisha bomba kwanza, kisha akataka kuisukumiza mbao kwa jiwe.

"Utaipasua!"

"Mtoto wa kike na bunduki, wapi na wapi?"

"Na wewe na akili, wapi na wapi? Weka jiwe chini, kaka."

Walicheka, akaweka. Nilichomoa bomba. Nikaupenyeza ulimi wa mbao kwenye mdomo wa chuma mpaka nikausikia umekaa, nikapitisha bomba, nikavisha pete, nikakaza skrubu. Haikucheza. Watu wakapiga makofi, isipokuwa mama, aliyekuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Ahsante, mdogo wangu," kaka Salumu akasema. "Una mikono ya baba yako." Akaizungushia bunduki mkeka, akaifunga kwenye baiskeli, akaondoka kabla ya alasiri.

Nguruwe walikula mahindi yetu msimu ule hadi wakachagua magunzi ya kuacha. Mama akawa mtu wa kununua unga.

Nilikuwa mtu mzima aliponieleza. Siku iliyofuata vituko vile wazee wa ukoo wangekaa, naye mama alishawaomba bunduki ipelekwe polisi Kilosa, aombe kibali kwa jina lake, alinde shamba. Kaka Salumu alishapata mnunuzi Mikumi, mtu asiyetaka bunduki iliyo uchi. Mzee Masanja alimsikia akijisifu kwenye kahawa. Kituko kile kilikuwa kufuli: bila mbao, bunduki isingeondoka kabla wazee hawajakaa. Mama alijua, na wazee wawili watatu walijua.

Kaka Salumu simsamehe, na mila iliyompa kiburi sioni haya kuisema vibaya. Lakini hasira yangu kubwa ni kwa walionipenda. Walinitazama nikipigana vita vyao upande usio wangu, wakakaa kimya, kwa sababu mtoto haambiwi mambo ya wakubwa. "Tulidhani hutaelewa," mama alisema. Mimi, niliyembana mtani kwa bei mbele ya kijiji kizima, nisingeelewa mwizi ni nani? Wangenivuta pembeni, wakaninong'oneza neno moja tu: shindwa. Ningeshindwa.