Cherehani Nyuma ya Gitaa

Mtaani walimwita Flashi. Zamani alikuwa fundi redio. Watu walipoacha kuleta redio, alibandua kibao cha mlangoni, akanunua kompyuta iliyotumika, akaanza kuwajazia wateja nyimbo kwenye simu na flashi. Chumba chake hakikuzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa mshonaji aliyeitwa Mama Sindano, ndugu wa mkewe, na cherehani yake ilisikika mchana kutwa kama mvua ya mbali, inakatika na kurudi.

Flashi alikuwa na desturi moja aliyoiona ni heshima ya kazi: kila wimbo uliopita mikononi mwake aliuandikia jina lake na namba ya simu. Anayejificha, alisema, ndiye mwizi. Kwa hiyo kampuni ya muziki iliyomiliki nyimbo hizo haikupata taabu ya kumtafuta.

Kwanza alikuja mwanamke mwenye miwani, akataka nyimbo za harusi ya mdogo wake. Alichagua bila haraka, kisha akaomba risiti. Hakuna aliyewahi kumwomba Flashi risiti. Alifurahi, akaandika moja na kuigonga muhuri. Wiki mbili baadaye mwanamke yule alirudi na askari, wakili na amri ya mahakama. Harusi haikuwapo. Walibeba kompyuta, na diski moja aliyoitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kompyuta angezoea kuikosa. Diski ilikuwa na wimbo wa kaka yake mkubwa, marehemu, aliyepiga gitaa katika bendi iliyovunjika miaka mingi iliyopita. Bendi ilikuwa imesaini kuikabidhi kampuni hiyohiyo haki zake zote, na kampuni ilikuwa imekiri kwamba kanda za enzi hizo zilioza ghalani kwa kuvujiwa na mvua. Ilibaki kaseti moja, ya nyumbani. Flashi aliinakili siku ambayo waya wa kuunganisha redio na kompyuta ulikuwa umekatika, kwa kuweka maikrofoni mbele ya redio ya kaseti. Alimwomba Mama Sindano asimamishe cherehani. Alisimamisha kwa ubeti mmoja. Wa pili, mteja alikuwa amesimama mlangoni anadai gauni lake, na cherehani ikaanza tena. Wimbo ulipokwisha, redio ikautafuna utepe wote. Hapakuwa na mara ya pili.

Kesi ilifunguliwa mji wa mbali, ingawa kutoka chumbani kwake hadi mahakama ya karibu ulikuwa mwendo wa miguu. Mara tatu alisafiri, mara tatu ikaahirishwa. Mara ya nne wakili wa kampuni, kijana mpole, akaja kuketi naye kwenye benchi la korido.

"Mzee wangu, sisi hatuna ugomvi na wewe."

"Mna ugomvi na nani? Kwenye karatasi naona jina langu."

"Tunatafuta mfano, ili wengine waone."

"Si mngenipiga picha tu mkaibandika."

Wakili alitabasamu, akafungua faili. Flashi angekiri, angeahidi kutorudia, na vyote vilivyomo kwenye diski vingekuwa mali ya kampuni. Kesi ingekwisha siku hiyo. Asiposaini, diski ingekaa mahakamani kama kielelezo, na vielelezo huzeeka humo.

"Nikisaini, nipeni wimbo mmoja. Ni wa kaka yangu."

"Ni wa kampuni, mzee."

"Si mliupoteza?"

"Mtu akipoteza ng'ombe, ng'ombe bado ni wake."

Karani akatoka na tarehe mpya, miezi mitano mbele. Flashi akasaini, kwa herufi zilezile alizokuwa akiandikia nyimbo.

Alirudi kutengeneza chaja na spika za masikioni. Wakati mwingine, akiwa ameinamia kazi, alijaribu kuupiga mluzi wimbo wa kaka yake. Ubeti wa kwanza ulikuja. Pale gitaa linapopanda kuingia wa pili, mluzi ulisimama, naye akashika bisibisi nyingine. Sura ya mtu hukaa. Sauti yake huondoka kidogo kidogo, bila kuaga.

Mwaka uliofuata kampuni ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za kale ilizosema imezifufua. Mama Sindano alikuwa akiusikiliza kwenye simu huku anapinda suruali. Ghafla cherehani ikanyamaza.

"Shemeji, hebu njoo."

Flashi alizunguka akaingia. Alilitambua gitaa kabla hajakaa.

"Subiri ubeti wa pili," mshonaji alisema.

Ukafika. Nyuma ya gitaa, kwa mbali, kulikuwa na mtatariko, kimya kifupi, mtatariko tena.

"Hilo gauni la yule mama wa benki," alisema Mama Sindano. "Lile la mikono ya puto. Pale nageuza kwapa."

"Wameutoa kwenye diski yangu."

"Na mimi nimo. Nenda kawashtaki."

"Nilisaini, shemeji. Vyote ni vyao."

Mama Sindano alikata uzi kwa meno. "Ulisaini wewe. Cherehani yangu haijasaini kitu."

Flashi alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akaomba wimbo urudishwe mwanzo. Mshonaji aliurudisha, akaondoa mguu kwenye pedali. Mlangoni alisimama mwenye suruali, akauliza kama iko tayari. Safari hii aliambiwa asubiri, mpaka ubeti wa mwisho.