Mikuyu ya Polikarpo

Bi Somoe alianza kumtilia shaka Polikarpo siku alipomkuta ameinama ukingoni mwa mto, miche mkononi. Mchonga vinyago kutoka kusini, mgeni wa juzi tu hapa Mbezi, ana nini na mto? Na hatua chache kutoka hapo ndipo ilipokuwa bustani ya mchicha aliyoachiwa na mama yake, iliyomlisha tangu afiwe na mume.

Pwani nzima inajua. Ardhi ni ya taifa, sawa, viongozi wamesema. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Ukinyamaza leo mtu akapanda, kesho ana shamba, wewe unabaki kusimulia.

Miche yenyewe ndiyo iliyozidi kumtia wasiwasi. Mikuyu, na matete ya kuchimbua bondeni! Mchongaji gani huyu anayepanda mti asiouchonga? Alipomuuliza, Polikarpo alimwambia kwamba watu wamefyeka ukingo wote kwa ajili ya kuni, midiria wamehama, naye anataka warudi. Ndege! Somoe alicheka mpaka machozi, kisha akarudi nyumbani roho juu. Mtu mzima hadanganyi hivyo bila sababu.

Hakukubali kuzidiwa ujanja. Alitafuta miche ya minazi, akaipanda safu nzima kando ya mikuyu ile, mpaka majini. Ndipo akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi, Ndugu Marijani, aje ajionee mtu anavyonyakua ukingo wa umma.

Marijani alikuja na nusu ya mtaa nyuma yake. Akaitazama mikuyu, akamgeukia Polikarpo.

“Umeipanda udai nini?”

“Mkuyu haumpi mtu shamba, Ndugu Balozi. Ni mti wa porini. Ndiyo maana nikauchagua, nisije nikadhaniwa nataka eneo la mtu.”

“Na hii minazi?”

Somoe alisogea mbele ya watu.

“Yangu,” alisema. “Mie nilikuwa najikinga tu.”

Balozi aliamuru minazi ing'olewe palepale, mikuyu ibaki. Bustani hakuigusa. Lakini tangu siku hiyo, kila Bi Somoe akiteremka mtoni na jembe, kuna jirani hutoka uani, akasimama kuangalia analima wapi.