Nilivyolitafsiri Neno Iweto

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa mahakama ya Machakos alinikabidhi Biblia na Kurani za kuapishia mashahidi, akanisimamisha kati ya kizimba na meza ya hakimu. Nilikuwa mkalimani. Shahidi akisema kwa Kikamba, mimi nasema kwa Kiingereza, kwa maana sheria ilitujia na wakoloni kwa lugha hiyo, na hukumu bado ziliandikwa kwa lugha hiyo.

"Mulwa," karani mkuu aliniambia, "usiongeze, usipunguze."

Nilidhani ni kazi rahisi. Kwa miaka tisa nilisifiwa kwa wepesi wangu.

Kisha ikaja kesi ya urithi kutoka Kalama. Mwikali, mama wa watoto watatu, alikuwa akifukuzwa shambani na Muthoka. Shamba lilikuwa la marehemu Syombua, mjane ambaye hakujaliwa mtoto, na Muthoka alikuwa mtoto wa shemeji yake. Kwa desturi yetu Wakamba, mwanamke wa namna hiyo huweza kupeleka mbuzi na ng'ombe kwa wazazi wa msichana akamwoa, ili watoto wazaliwe kwa jina la boma lake. Msichana huyo huitwa iweto.

Mwikali aliulizwa yeye ni nani kwa Syombua. Akajibu kwamba ni iweto wake. Kiingereza cha sheria hakikuwa na neno hilo, nami sikusita hata kidogo. Nikamwambia hakimu kwamba ni mtumishi wa nyumbani.

Sikujua kwamba Mwikali amesoma hadi kidato cha pili. Alinigeukia, wala hakupaza sauti.

"Mimi sikuandikwa kazi," alisema kwa Kiswahili, ili hakimu asikie mwenyewe. "Mimi niliolewa."

Hakimu, mtu wa Kakamega asiyejua Kikamba, akaniuliza neno lile lina maana gani hasa. Nikakiri kwamba nimekosea, nikaieleza desturi yote.

Wakili wa Muthoka alipinga, akisema sheria inamjua mke wa mwanamume tu. Hakimu akawaita wazee wa ukoo na ndugu za Mwikali waliopokea mbuzi, akawasikiliza kwa siku mbili. Alitukumbusha kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu mila itumike, mradi isivunje haki.

"Walioanza kuandika sheria hii hawakumjua Mwikali," alisema siku ya hukumu. "Sasa iko Machakos, itabidi imjue."

Akaliandika neno iweto jinsi lilivyo. Shamba likabaki kwa Mwikali na watoto wake.

Watu walinipongeza kwa kusema ukweli. Mimi sikuzifurahia pongezi hizo, kwa sababu nilimkumbuka Nduku, mama mmoja wa Ndithini. Kesi yake ilikuwa kama hii, na neno lile nililitoa vile vile. Yeye hakujua Kiingereza. Alishindwa, na alipotoka alinishika mkono akanishukuru. Nilimweleza karani mkuu, tukatafuta faili. Muda wa rufaa ulikuwa umepita zamani, na shamba lilikuwa limeshauzwa.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi na minane, nikiomba ruhusa ya kueleza kila neno lisilo na mwenzake katika Kiingereza. Mahakimu wengine walichoka nami. Nanyi wakalimani mnaoanza leo, kubalini wachoke nanyi. Sheria ya wageni huwa yetu, au hutuumiza, ikipitia midomo ya watu wadogo kama sisi.

Nilipostaafu nilimtafuta Nduku. Nilimpata sokoni Matuu, mzee tayari, akiuza maembe. Nikamweleza nililomwambia hakimu siku ile. Aliendelea kuyafuta maembe moja moja kwa kitambaa.

"Siku hiyo yote nilikuwa nakuangalia mdomo," akasema, "nikifikiri unanitetea."