Dirisha la Ulanzi Ofisini kwa Mchungaji

Dirisha lile nilichora mimi. Si shetani, si fundi. Mimi! Nimechoka kulibeba moyoni, acha niliseme.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya wachora majengo, Iyunga, Mbeya. Tulikuwa na kazi ya kuchora ukumbi wa usharika mmoja huko Iringa. Siku hizi hatutumiani makaratasi. Jengo zima, kila mlango na kila bomba, linakaa kwenye kompyuta, nasi tunalichukua kutoka sehemu moja mtandaoni. Michoro inayoendelea ina folda yake, iliyoidhinishwa ina yake, na mafundi hujenga iliyoidhinishwa tu. Mlinzi wa mpaka huo nilikuwa mimi. Ee Mola!

Mchana mmoja Sekela, injinia wetu, binti wa Tukuyu, akanichokoza. "Ninyi watu wa Iringa, bila ulanzi, hiyo pombe yenu ya mianzi, hata banda la kuku hamjengi."

Nikamjibu kwa mchoro. Kwenye nakala ya kuchezea nikatoboa ukuta kati ya ofisi ya mchungaji na ukumbi, nikaweka dirisha pana, kaunta ya zege na rafu ya vikombe ishirini. Tayari kwa ulanzi! Sekela alicheka mpaka machozi. Nikajiona msanii.

Ijumaa nikapandisha nakala hiyohiyo kwenye folda ya iliyoidhinishwa. Sikuifungua kuikagua. Nilikuwa na njaa, na mama wa ndizi nyama hachelewi kufunga duka kwa kumsubiri mtu.

Hata hapo ningepona! Baba Tumaini, fundi mkuu kule Iringa, alinipigia simu. Utaratibu wetu ni kwamba swali la saiti liandikwe, lijibiwe kwa maandishi, kila mtu alione. Mimi nikapokea tu, mdomo umejaa ndizi.

"Kamwene. Hili dirisha la ofisini kwa mchungaji, ndilo lenyewe?"

"Fuata mchoro ulioidhinishwa, baba!" Nikakata.

Akafuata. Alilisakafia zege lile la kaunta mpaka likatulia kama maji ya bwawa asubuhi.

Siku ya ukaguzi tulikwenda wote. Mchungaji akaingia ofisini kwake, akakutana na rafu ya vikombe ishirini. Wazee wa usharika wakachungulia nyuma yake. Msimamizi wa mkandarasi akamgeukia Baba Tumaini.

"Mzee, ulikuwa umekunywa?"

"Niliuliza," akasema taratibu. "Nikaambiwa nifuate."

"Na nani?"

Akaniangalia. Hakunitaja! Nami nikatazama viatu vyangu. "Labda simu haikusikika vizuri," nikasema. Jamani, mimi ni mtu wa namna gani?

Akaambiwa akusanye vifaa vyake aende nyumbani. Akaanza kuufuta mwiko wake kwa kitambaa, polepole, kama anamnawisha mtoto uso. Hapo nikashindwa.

"Ni mimi!" nikapayuka. "Nilichora kilabu cha ulanzi!"

"Ulichora nini?" akauliza mchungaji.

Nikaeleza yote, hadi ndizi.

Baba Tumaini akabaki kazini. Mimi nikanyang'anywa folda. Sasa naruhusiwa kutazama tu, kama mtoto nje ya duka la mikate. Nikaamriwa pia kuliziba dirisha lile kwa mikono yangu. Nilikuwa kwenye tofali la tatu akina mama wa kwaya waliponizunguka.

"Ziba, utatutambua! Chai ya Jumapili tutaigawia wapi?"

Dirisha likabaki, mchungaji akahamia stoo.

Siku hizi nikiwa Iringa Jumapili, napanga foleni pale dirishani. Anayemimina chai ni Baba Tumaini, naye ni msharika wa pale. Zamu yangu ikifika huinua birika, halafu husimamisha mkono hewani.

"Mwanangu, hii chai imeidhinishwa?"

Foleni nzima hucheka. Nami hunywa.

Kwa hiyo ninyi mnaotuma mafaili, nawasihi, yafungueni kwanza myatazame. Na fundi akiuliza, mezeni ndizi ndipo mjibu.