Mtungi wa Siki Uliofukizwa Udi

Majirani zetu wa Mji wa Kale walikuwa na maneno, na tembo la mnazi likiingia nyumba ya mwenye kusali sala tano walipata la kusema wiki nzima. Mama hakuwajali. Alinunua tembo tamu, la asubuhi ile ile, kwa mgema aliyevuka feri kutoka Likoni, akalitia mtungini na kulifunika mpaka ligeuke lenyewe liwe siki. Baba alikuwa hali samaki bila siki hiyo. Lakini Baba alikwenda vitani, mtia makaa melini, na vita vilikwisha bila yeye kurudi wala kuleta salamu. Kila mwaka Mama aliitengeneza siki upya, ili akija aikute.

Kazi ilikuwa mtungi. Tuliusuuza kwa maji ya moto, tukaufudikiza juani uani mpaka ukauke, kisha tukauinamisha juu ya chetezo cha ubani ujae moshi. Baada ya hapo haukuguswa tena na maji. Mama alisema hata tone la maji mabichi litaiotesha siki ukungu, na katika hilo hakuwa na mzaha.

Mwaka ule ubani uliadimika madukani. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Bondeni kutusaidia. Tukiwa bado tunajiuliza tufanyeje, Mama aliinuka, akafungua kasha, akatoa udi. Udi ule tulikuwa hatuugusi. Aliuweka wa kufukizia kanzu za Baba siku atakayorudi. Akautia wote kwenye makaa.

Shangazi aliunusa ule moshi. Kisha akasema, "Wifi, harufu hiyo itashika. Usuuze na mai kidogo."

"Mtungi ukishafukizwa hausuuzwi, wifi."

"Na kanzu zake je, akiya?"

Mama aliendelea kuuzungusha mtungi juu ya moshi, uso ameuelekeza ukutani. Nilimkasirikia siku ile kuliko siku yoyote. Nilitamani niutoe ule udi makaani kwa vidole vyangu.

Siki ilipokuwa tayari tulikaanga samaki aina ya changu, Mama akamnyunyizia. Harufu ya udi ikapanda usoni, nami nikamwona Baba kwa macho yangu, amesimama mlangoni siku ya Ijumaa anafunga vifungo vya kanzu, anauliza kofia yake iko wapi. Nilimkumbuka hata nikalirudisha tonge sahanini.

"Kuleni," alisema Mama.

Kichwa cha samaki kilikuwa haki ya Baba. Tangu aondoke, Mama alikuwa akikiweka kando amekifunika, na jioni kikaliwa na paka. Mchana ule alikitia katika sahani yake mwenyewe, akakila polepole mpaka ikabaki mifupa, machozi yakimdondoka, wala hakuinua macho kunitazama.